Kinachosafiri ni Nini? Historia ya Wimbi kwa Sisi Tunaokariri

Wiki hii vimbweta vyote vimejaa. Watu wana testi ya mawimbi, na ukipita unasikia mstari mmoja tu unarudiwa kama kibwagizo: mwendo wa wimbi ni masafa mara urefu wa wimbi. Mstari huo tunao tangu sekondari. Tunaujua kichwani, tunaujua tukiwa usingizini, na ukipewa namba mbili unatoa ya tatu, unapata maksi zako, unakwenda zako.

Sasa leo sitaki kuandika madesa. Ya kwenye notisi mnayo. Nataka tuzungumze watu waliougombania huo mstari, maana kumbe nyuma yake kuna ugomvi wa zaidi ya miaka 200, wenye matusi, mashindano, watu kunyimwa nafasi na watu kupika data. Na ugomvi wote, ukiuchuja, unabaki swali moja: wimbi linapotoka hapa kwenda pale, kinachosafiri ni nini? Ukilishika hilo swali, topiki nzima inakaa kichwani bila kukariri. Mwisho wa makala nitawaonesha kwamba jibu lake si la kujibia mtihani tu.

TUANZE NA MAJI

Nenda ufukweni, tuseme Kigamboni, uangalie kifuu cha nazi kinachoelea kule mbele kabla mawimbi hayajavunjika. Wimbi linakuja, kifuu kinapanda. Linapita, kifuu kinashuka. Wimbi limeshafika mchangani, lakini kifuu kipo karibu palepale. Kama maji yenyewe ndiyo yangekuwa yanasafiri na wimbi, kile kifuu kingekuwa kimeshaletwa miguuni pako zamani.

Leonardo da Vinci aliliona jambo hili miaka 500 iliyopita. Alilinganisha mawimbi ya maji na yale yanayokimbia juu ya shamba la ngano upepo ukivuma. Unaona kabisa kitu kinakimbia toka upande huu hadi upande ule, lakini hakuna hata shina moja la ngano lililohama. Waliowahi kusimama kwenye mashamba ya mpunga wanaelewa anachosema.

Au chukua foleni ya chakula hapa chuoni. Jamaa wa nyuma kabisa akisukuma, anayefuata anamsukuma wa mbele yake, na yule naye vivyo hivyo, mpaka msukumo unafika kwa mtu aliyeko dirishani. Msukumo umesafiri foleni nzima. Aliyesukuma bado yuko nyuma, na wali hajapata.

Basi hilo ndilo wimbi. Kinachosafiri ni msukosuko, na pamoja nao nguvu ya kufanya kazi, yaani nishati. Kitu kinachobeba wimbi kinatetemeka na kurudi mahali pake. Toka hapo maneno mengine yanakuja yenyewe. Umbali toka kilele kimoja hadi kilele kinachofuata ndio urefu wa wimbi. Idadi ya vilele vinavyokupita kwa sekunde moja ndiyo masafa. Sasa kama vilele vitano vinapita kila sekunde, na kila kimoja kiko mita mbili nyuma ya mwenzake, wimbi limekwenda mita kumi kwa sekunde. Umeona? Ule mstari tunaoukariri ni hesabu ya darasa la nne tu.

Kuna aina mbili za kukumbuka. Ukishika kamba na kuitikisa juu na chini, kamba inatetemeka kwa kukingama na njia ya wimbi. Foleni yetu ni tofauti: watu wanakwenda mbele na nyuma kwa kufuata njia ileile ya wimbi. Shikilia tofauti hiyo, maana huko mbele ndiyo itakayoleta balaa.

SAUTI, NA SIKU NEWTON ALIPOPIKA DATA

Wazo kwamba sauti ni wimbi ni la zamani sana. Vitruvius, mjenzi wa Kirumi wa karne ya 1 kabla ya Kristo, alipoandika namna ya kujenga kumbi za maonesho alisema sauti husambaa kama miduara kwenye maji ukitupa jiwe, ila yenyewe inasambaa pande zote, hata juu. Mwaka 1636 padri Mfaransa Marin Mersenne alichapisha kanuni za nyuzi za ala za muziki: uzi ukiwa mrefu zaidi au mzito zaidi mtetemo unapungua, ukiukaza unaongezeka. Miaka miwili baadaye Galileo naye akaeleza kwamba sauti nyembamba na nene ni suala la idadi ya mitetemo kwa muda. Hayo ndiyo masafa yetu.

Lakini nani anabeba sauti? Mwaka 1660 Robert Boyle alichapisha majaribio yake ya pampu ya hewa. Aliweka saa inayogonga ndani ya chombo cha kioo na kuanza kunyonya hewa. Kadiri hewa ilivyopungua, mlio ulififia. Kumbe hewa ndiyo foleni yenyewe. Ondoa watu, msukumo hauna pa kupita.

Ila kuna kitu kwenye jaribio hilo tunakipita haraka mno. Mlio umepotea, lakini saa bado unaiona! Mwanga unatoka ndani ya kioo kisicho na hewa bila shida yoyote. Liweke hilo pembeni, tutalirudia.

Newton akaingia mwaka 1687 na kitabu chake kikubwa, Principia. Alitaka kupata mwendo wa sauti bila kupiga mzinga wala kusikiliza mwangwi, kwa hesabu tupu. Alisema hewa ni kama springi: jinsi inavyogoma kubanwa, ukilinganisha na uzito wake, ndivyo inavyopitisha sauti haraka. Wazo zuri ajabu. Tatizo ni jibu. Hesabu ilimpa kama futi 979 kwa sekunde, wakati waliopima kwa mizinga walikuwa wanapata kama 1,142. Tofauti hiyo siyo ya kusema saa ilichelewa.

Sasa msikie alichofanya. Kwenye toleo la pili la mwaka 1713 akaongeza maelezo kwamba chembe ngumu za hewa zinachukua nafasi ambayo sauti inaivuka papo hapo, kisha akaongeza mvuke wa maji uliomo hewani, akarekebisha hapa, akarekebisha pale, mpaka namba ikafika 1,142 kamili. Jamani, sisi kwenye maabara tunaita kupika! Na aliyepika ni Isaac Newton.

Kasoro ilikaa karibu miaka 130. Mwaka 1816 Mfaransa Laplace akaeleza: hewa ikibanwa ghafla inapata joto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto ukijaza tairi. Sauti inabana hewa haraka mno kiasi kwamba joto halipati muda wa kuondoka, na hewa yenye joto inagoma zaidi kubanwa. Ndiyo maana kwenye fomula yetu ya mwendo wa sauti kuna ile 1.4 ambayo wengi wanaiandika bila kujua imetoka wapi. Kipeuo chake cha pili ni karibu 1.18. Zidisha na 979 ya Newton uone unafika wapi. Somo ni kwamba data ilikuwa sahihi muda wote, kilichopungua kilikuwa wazo.

MCHANGA UNAOCHEZA, NA DADA ALIYESOMA KWA MADESA

Kuna wimbi ambalo haliendi popote. Ukipiga uzi wa gitaa, wimbi linakwenda mwisho, linagonga, linarudi, linakutana na lile linalokuja. Vilele vikikutana vinaongezana. Kilele kikikutana na bonde vinafutana. Matokeo yake kuna sehemu za uzi zinazotetemeka sana na sehemu zilizotulia kabisa. Hilo ni wimbi lililosimama.

Mwaka 1787 Mjerumani Ernst Chladni alionesha kitu hicho kwa macho. Alimwaga mchanga juu ya bamba la chuma, akasugua ukingo wake kwa upinde wa fidla. Mchanga ukakimbia sehemu zinazotetemeka, ukajipanga kwenye sehemu tulivu, ukachora nyota, mistari na maumbo ya kila aina. Alipofika Paris, Napoleon mwenyewe alivutiwa, na wanasayansi wa Ufaransa wakatangaza zawadi kwa atakayeeleza kihesabu kwa nini mchanga unachora vile.

Wakubwa wengi waliogopa. Aliyejaribu ni Sophie Germain, mzaliwa wa Paris wa mwaka 1776. Huyu dada chuo hakukanyaga, kwa sababu École Polytechnique, kilipofunguliwa mwaka 1794, hakikupokea wanawake. Alichofanya ni kutafuta notisi za mihadhara na kujisomea nyumbani, kisha akatuma kazi zake kwa mwalimu Lagrange kwa jina la kiume, Bwana LeBlanc. Yaani madesa halisi! Lagrange alipogundua LeBlanc ni nani, hakumfukuza, alimtia moyo.

Kwenye shindano la bamba alituma jibu mwaka 1811, akakosa. Akarudi tena mwaka 1813, akapewa sifa tu. Mwaka 1816, jaribio la tatu, akapata zawadi. Hesabu zake zilikuwa bado na upungufu, na wengine walizirekebisha baadaye, lakini ndiye aliyefungua mlango wa kueleza jinsi vitu vigumu vinavyotetemeka. Siku ya kupokea zawadi hakutokea. Wanaosapu masomo na kukata tamaa, mna mtu wa kumkumbuka.

MWANGA: WIMBI AU RISASI?

Hapa ndipo ugomvi ulipokuwa mkali. Mwaka 1678 Mholanzi Christiaan Huygens aliwasomea wanasayansi wa Paris nadharia yake kwamba mwanga ni wimbi, akaichapisha mwaka 1690. Wazo lake kuu mpaka leo tunalichora: kila nukta kwenye uso wa wimbi ni chanzo kipya cha viwimbi vidogo, na ukiviunganisha unapata uso unaofuata. Kwa mchoro huo tu aliweza kueleza kwa nini mwanga unarudi kwenye kioo na kwa nini unapinda ukiingia majini.

Newton hakukubali. Kwenye kitabu chake Opticks cha mwaka 1704 aliegemea upande wa chembe: mwanga ni kama risasi ndogo sana zinazotoka kwenye chanzo. Na tusimcheke, hoja yake ilikuwa na mashiko. Ukiwa nyuma ya ukuta unamsikia mtu anayeongea upande wa pili kwa sababu sauti inazunguka kona. Mbona humwoni? Kama mwanga ni wimbi, nao si ungezunguka kona? Mbona vivuli vina kingo kali? Swali la maana kabisa. Shida ni kwamba Newton alikuwa Newton. Watu wakaacha kulijibu swali, wakaanza kuliimba jina. Kwa karibu miaka 100 kusema mwanga ni wimbi ilikuwa kama kujitafutia matatizo.

Aliyejitafutia matatizo ni daktari wa London, Thomas Young. Novemba 1803 alieleza jaribio ambalo hata sisi tungeweza kulifanya chumbani. Alitoboa tundu dogo kwenye kizuizi cha dirisha, akapata mwali mwembamba wa jua, akaukata katikati kwa kipande cha kadi chembamba kilichowekwa kwa ukingo wake. Ndani ya kivuli cha kadi akaona mistari ya mwanga na giza. Kisha akaziba mwanga unaopita upande mmoja tu wa kadi. Mistari ikapotea! Upande wa pili bado unapitisha mwanga kama kawaida, lakini mistari haipo.

Fikiria maana yake. Mahali palipokuwa na giza, ukiondoa mwanga wa upande mmoja panapata mwanga. Kwa hiyo mwanga ukijumlisha mwanga ulikuwa unatoa giza. Risasi mbili haziwezi kufutana. Mawimbi yanaweza: kilele kwa bonde, basi. Yale matundu mawili tunayochora kwenye mtihani aliyaeleza kwenye kitabu chake cha mwaka 1807. Na akapiga hesabu ya urefu wa wimbi la mwanga mwekundu, akapata karibu inchi moja kwa 36,000. Hilo ndilo jibu la swali la Newton. Wimbi huzunguka kikwazo vizuri pale kikwazo kinapokaribiana na urefu wake. Sauti ya mtu ina urefu wa sentimita kadhaa hadi mita kadhaa, kwa hiyo kona ya ukuta si kitu kwake. Mwanga ni mdogo mno, ukuta kwake ni kama bara zima.

Je, walimpongeza? Thubutu! Mwanasheria Henry Brougham, bila kuweka jina lake, alimshambulia kwenye jarida la Edinburgh Review kwa maneno ya kejeli. Young aliandika kijitabu cha kujitetea, na mwenyewe alisema kiliuza nakala moja. Moja tu, washkaji. Akaendelea na udaktari wake.

INJINIA WA BARABARA NA DOA LA MWANGA

Mwaka 1815 Napoleon alirudi Ufaransa toka uhamishoni. Injinia kijana wa barabara, Augustin Fresnel, alikuwa upande wa wapinzani wake, akaondolewa kazini. Akaenda kijijini kwa mama yake, Mathieu, kule Normandy, hana kazi na hana maabara. Kwa kukosa lenzi nzuri alitumia tone la asali. Kwa tone hilo akachunguza vivuli, na akaunganisha viwimbi vya Huygens na kufutana kwa Young kuwa hesabu moja.

Chuo cha Sayansi cha Paris kikatangaza shindano la kueleza kupinda kwa mwanga kwenye kingo. Fresnel akatuma kazi yake mwaka 1818. Majaji walikuwa watano, na watatu kati yao, Laplace, Biot na Poisson, walikuwa watu wa chembe. Ona jopo lenyewe!

Poisson alikuwa bingwa wa hesabu. Alizichukua fomula za Fresnel ili azimalize kwa silaha yake mwenyewe. Akasema, chukua kisahani cha duara, kiangaze kwa nukta ya mwanga. Pembezoni mwa kisahani pote pako umbali sawa na katikati ya kivuli. Kwa hiyo viwimbi vyote toka ukingoni vitafika katikati kwa hatua moja, kilele kwa kilele, na kuongezana. Maana yake, katikati kabisa ya kivuli, mahali penye giza kuliko pote, patakuwa na doa linalong'aa. Upuuzi mtupu, si ndiyo? Basi nadharia imekufa.

Jaji mwingine, François Arago, hakubishana. Alichukua kisahani cha upana wa milimita 2, akakibandika kwenye kioo, akaangaza, akatazama.

Doa lilikuwepo.

Fresnel akapewa zawadi mwaka 1819. Mimi nikitafuta mfano mmoja wa jinsi sayansi inavyotakiwa kwenda, nachukua huu. Poisson hakutukana kama Brougham. Alimheshimu mpinzani wake kiasi cha kuifuata hoja yake mpaka mwisho na kusema wazi ni kitu gani kikionekana kitaamua ubishi. Aliposhindwa, kilichomshinda ni mahesabu yake mwenyewe. Fresnel alifariki mwaka 1827 kwa kifua kikuu akiwa na miaka 39.

MBEBAJI ASIYEONEKANA

Haya, mwanga ni wimbi. Sasa rudini kwenye kioo cha Boyle. Hewa imenyonywa, sauti imekufa, mwanga unapita. Na mwanga wa jua unatufikia ukivuka anga tupu. Nani anaubeba?

Wakajibu: kuna kitu kimejaa kila mahali, tukiite etha. Kwa muda ilitosha. Lakini mwaka 1821 Fresnel alionesha kwamba mwanga unatetemeka kwa kukingama, kama ile kamba yetu, si kama foleni. Hili ndilo balaa nililosema. Ndani ya hewa au maji huwezi kupitisha mtetemo wa kukingama. Unahitaji kitu kigumu kinachogoma kukatwa. Na kwa mwendo wa mwanga etha ilibidi iwe ngumu sana. Ngumu kiasi hicho, na bado dunia na sayari zinapita katikati yake bila kugota?

Mskoti James Clerk Maxwell alikuwa anashughulika na kitu kingine kabisa, umeme na sumaku. Mwaka 1862, kwa kutumia vipimo vya umeme vya Wajerumani Weber na Kohlrausch vya mwaka 1856, aliona kwamba msukosuko wa umeme na sumaku ungesafiri kwa mwendo wa kilomita 310,740 kwa sekunde. Fizeau alikuwa ameshapima mwendo wa mwanga mwaka 1849, akapata karibu 315,000. Vipimo vile vya umeme havikuwa na mwanga wala kioo ndani yake, lakini namba inayotoka ni ya mwanga. Maxwell akahitimisha kwamba mwanga wenyewe ni wimbi la umeme na sumaku.

Uthibitisho ulikuja kati ya 1887 na 1888 kule Karlsruhe. Heinrich Hertz alirusha cheche upande mmoja wa ukumbi, na kwenye kikoki cha waya upande mwingine, bila kuunganishwa na kitu, kikatoa cheche kidogo. Aliweka bati la zinki ukutani ili wimbi lirudi na kukutana na jenzake. Mnakumbuka mchanga wa Chladni? Ni kitu kilekile. Hertz akatembea na waya wake akitafuta mahali cheche inapokufa na inapofufuka, akapata urefu wa wimbi. Masafa aliyajua kwa kukokotoa toka kwenye mtambo wake. Akazidisha masafa kwa urefu wa wimbi. Mwendo wa mwanga huo! Mstari wetu wa kukariri ndio uliozaa redio. Mwaka 1895 Jagadish Chandra Bose alipigisha kengele na kulipua baruti kwa mawimbi hayo mbele ya watu jijini Calcutta, na mwaka 1901 Marconi akavusha ishara juu ya Atlantiki. Simu iliyoko mfukoni mwako ni mjukuu wa ile cheche.

Na etha? Mwaka 1887 huohuo, Cleveland, Marekani, Albert Michelson na Edward Morley waliitafuta. Dunia inazunguka jua kwa karibu kilomita 30 kwa sekunde, kwa hiyo ikipita kwenye etha tungetegemea mwanga wa kwenda mbele na wa kwenda pembeni vitofautiane. Walipima kwa kifaa kinachotumia mistari ileile ya Young. Tofauti iliyotarajiwa haikuonekana. Mwaka 1905 Einstein akaandika kwamba etha haihitajiki kabisa. Wimbi lipo, mbebaji hayupo. Kinachopanda na kushuka ni nguvu ya umeme na sumaku yenyewe.

Mkadhani yameisha? Mwaka huohuo wa 1905 Einstein alipendekeza kwamba mwanga unatoa na kupokea nishati kwa mafungu, kama chembe. Kivuli cha Newton kikarudi mlangoni. Mwaka 1924 Louis de Broglie akageuza: kama wimbi lina tabia ya chembe, basi chembe nayo ina urefu wa wimbi. J. J. Thomson alipata Nobel ya mwaka 1906 kwa kazi iliyotuletea elektroni, ambayo ni chembe. Mwanawe, G. P. Thomson, alishirikiana Nobel ya mwaka 1937 kwa kuonesha kwamba elektroni inapinda na kufutana kama wimbi. Baba na mwana, na wote walikuwa sahihi.

KWA NINI TUSIKARIRI TU

Niliahidi kwamba hili swali si la mtihani tu. Tarehe 26 Desemba 2004, karibu saa 10 alfajiri kwa saa zetu, tetemeko kubwa lilipiga chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia. Wimbi likaanza safari kuja upande wetu.

Wimbi refu kama hilo, ambalo urefu wake ni mamia ya kilomita, mwendo wake unategemea kina tu: zidisha kina cha bahari kwa 9.8, tafuta kipeuo cha pili. Kwa kina cha mita 4,000 unapata karibu mita 200 kwa sekunde, yaani kilomita 720 kwa saa, mwendo wa ndege. Toka Sumatra hadi pwani ya Afrika Mashariki ni kama kilomita 6,000. Gawanya. Zaidi ya saa nane.

Maji ya Sumatra hayakuja Dar es Salaam, yalibaki kwao. Iliyokuja ni nishati. Katikati ya bahari wimbi lenyewe lilikuwa na kimo cha chini ya mita moja, nahodha asingelishtukia. Lakini likifika penye kina cha mita 10 mwendo unashuka hadi kama kilomita 36 kwa saa, la nyuma linalikuta la mbele, na nishati ile inabanwa kwenye maji machache. Hapo ndipo linapopanda.

Lilitufikia mchana wa Jumapili, siku ya pili ya Krismasi, fukwe zikiwa na watu. Somalia walikufa watu zaidi ya 200. Kwetu Tanzania nako tulipoteza watu, wakiwemo waliokuwa wanaogelea. Kenya, ambako taarifa ziliwahi na watu wakaondolewa fukweni, aliyefariki alikuwa mmoja. Wakati ule Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wa tahadhari kama wa Pasifiki. Ulijengwa baada ya maafa. Lakini saa nane zilikuwepo. Zilikuwa ndani ya fomula ambayo mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza anaweza kuikokotoa kwa kalamu, kama anajua kwamba kinachosafiri ni wimbi na si maji, na kama kuna mtu wa kuinua simu.

Kwa hiyo washkaji, mkiingia kwenye testi andikeni fomula, maksi tunazihitaji wote. Ila ukimaliza kuandika, jiulize: hapa kinachotetemeka ni nini, na kinachosafiri ni nini? Newton, Young, Poisson na Maxwell wote walihangaika na hilo.

Zoezi la wikiendi: mlango wa chumba uko wazi kidogo, unasikia besi ya muziki toka korido kuliko sauti nyembamba. Kwa nini? Jibu limo humu ndani. Mwenye jibu tofauti alete hoja, tutabishana kwa mtindo wa Poisson, siyo wa Brougham. Kazi njema, na msuli mwema.